Mtoto wa miaka 6 ana mtindio wa ubongo: amalize mazoezi kwanza au aanze shule? Tupo Mwanza

mama_mabatini:

Mwangaluka wana jukwaa, poleni na majukumu. Naomba mawazo yenu hasa wazazi wenye watoto wenye ulemavu mliopo Mwanza au kanda ya ziwa kwa ujumla.

Nina mtoto wa kiume ametimiza miaka 6 juzi juzi. Alipozaliwa hakulia, akawekwa kwenye oksijeni, baadae tukaambiwa ana mtindio wa ubongo. Miguu inakakamaa na kupishana kama mkasi ukimnyanyua, mkono wa kulia haufunguki vizuri, kukaa anakaa ukimwegesha, kutembea bado. Maneno yanatoka kwa shida na mate yanamtoka sana ila anaelewa kila kitu jamani, matangazo ya redio anayajua yote, akisikia pikipiki ya baba yake huko chini anageukia mlangoni kabla yetu sisi, na wadogo zake wakihesabu vizibo vya soda na yeye anainua vidole vya ule mkono mzima.

Sisi tunakaa Mabatini kule juu kwenye mawe, kumshusha mpaka barabarani ni kumbeba mgongoni na sasa hivi amekuwa mzito, mvua ikinyesha ndo basi tena. Mimi nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, siku ya kliniki ya mazoezi biashara hakuna. Na kliniki yenyewe tunapewa tarehe za mbali, ukifika foleni, ukiingia ananyooshwa dakika chache mnarudi. Kuna mtaalam wa binafsi anataka elfu ishirini kila akija nyumbani, siwezi.

Sasa mwaka huu nikaenda shule ya msingi ya karibu nimwandikishe awali, mwalimu mkuu hata hakumwangalia mtoto, akaniambia mlete akishaanza kutembea, hapa hatuna mwalimu wa watoto hao. Mama mkwe nae anasema hivyo hivyo, tumalize mazoezi atembee kwanza, shule haikimbii. Kuna jirani kanitajia shule ya bweni ya watoto wenye mahitaji maalum ila roho imegoma, mtoto hawezi kula mwenyewe wala kusema kinachomuuma, nitalalaje?

Naomba mnisaidie, mazoezi ya kliniki ya mara moja moja yana faida au napoteza nauli? Na shule wanaruhusiwa kumkataa? Nianzie wapi?

MamaBinti_Ilemela:

Pole sana mama na hongera, mtoto wa miaka 6 anayeitika na kuhesabu vizibo si kazi ndogo uliyofanya.

Binti yangu ana hali hiyo hiyo, sasa ana miaka 13 yupo darasa la tano shule ya kawaida yenye kitengo cha elimu maalum. Hatembei. Anatumia kiti mwendo, anaandika kwa mkono wa kushoto taratibu sana, kusoma anasoma vizuri tu, magazeti ya baba yake anayamaliza. Huyo mwalimu mkuu aliyekwambia mpaka atembee, angekuwa ndo ameshika uamuzi wa binti yangu mpaka leo angekuwa amelala kwenye jamvi.

Kitu kilichotubadilishia maisha ni kiti. Sio kiti mwendo, kiti cha kukalia ndani. Mtaalam wa mazoezi alitupimia akachora kwenye karatasi, tukampelekea fundi seremala Buzuruga akatengeneza kwa mbao: mgongo umesimama, pembeni kuna mbao za kumzuia asianguke, katikati ya mapaja kuna kigogo kilichozungushiwa godoro ili miguu isipishane, chini kuna pa kukanyagia na mbele kuna meza inachomolewa. Siku ya kwanza kukalia kile kiti aliona wali uko mbele yake kwenye sahani, akaunyoosha mkono. Kabla ya hapo tulikuwa tunamlisha amelala mapajani anaangalia dari. Nilimwacha achezee ule wali wote, nusu chini nusu usoni, sikumgusa.

Hapo mikono ikaanza kufanya kazi, na shingo ikapata nguvu maana alikuwa anataka kuangalia watu. Mbao zikikushinda bei kuna watu wanatengeneza viti vya hivyo kwa maboksi na makaratasi yaliyobandikwa kwa uji wa gundi tabaka kwa tabaka, vikikauka vinabeba mtoto vizuri tu, ila visilowe.

Halafu tafuta wazazi wenzio. Sisi tulianza kwa kujuana pale kwenye benchi la kliniki, tukafungua grupu la WhatsApp, mmoja akisikia kuna kambi ya madaktari au viti vya msaada anawaambia wote. Bweni mimi nakuunga mkono, kwa umri huo na hali hiyo usimpeleke.

TibaViungo_Mza:

Habari dada. Mimi ni mtaalam wa tiba ya viungo (mazoezi tiba), nafanya kazi na watoto huku kanda ya ziwa. Naomba niseme kwa urefu kidogo maana swali lako ndo lile wazazi wengi wanatuuliza wakiwa wameshachelewa.

Mtindio wa ubongo ni jeraha la ubongo lililotokea mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au miaka ya mwanzo, sababu inaweza kuwa kukosa hewa kama ilivyokuwa kwa mwanao, manjano kali ya kichanga, kuzaliwa njiti, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani. Jeraha lenyewe haliongezeki. Kinachobadilika ni mwili. Mifupa inarefuka, misuli iliyokakamaa haifuati, basi kidogo kidogo goti linashindwa kunyooka, kisigino hakigusi chini, na mfupa wa nyonga unaanza kutoka kwenye kikombe chake bila kelele yoyote. Kwa mtoto ambaye mapaja yanapishana kama unavyoeleza, mwombe daktari apige picha ya nyonga. Ukiona mguu mmoja umekuwa mfupi, au analia unapomtanua kumsafisha, usingoje tarehe ya kliniki.

Sasa kuhusu kutembea. Nakwambia ukweli kwa heshima zote. Kuna utafiti ulifanyika Ontario kule Kanada, ulitoka 2002, walifuatilia watoto 657 wenye hali hii, na ulionyesha watoto wengi wanafikia karibu asilimia 90 ya uwezo wao wa kujongea kabla ya kutimiza miaka 5. Mtoto ambaye amefika miaka 6 na bado hajakaa bila kushikiliwa, uwezekano wa kutembea mwenyewe bila msaada ni mdogo sana. Sisemi hawezi kuendelea, anaweza kujifunza kukaa vizuri, kusimama akiwa amefungwa kwenye ubao, kuhama kutoka kitandani kwenda kitini, kula mwenyewe. Ila ukisema shule isubiri atembee maana yake umesema asisome. Mwambie mama mkwe kwa upole, akili yake inajifunza sasa hivi, haina foleni nyuma ya miguu.

Kliniki usiache lakini ibadilishe kazi. Usije kwetu ili tumnyooshe, dakika zetu chache hazimfanyi kitu mtoto anayeishi saa 24 nyumbani. Njoo utufundishe hali ya kwenu ilivyo halafu tukufundishe wewe, bibi yake na baba yake. Mwombe mtaalam akuangalie wewe ukifanya, urekodi video kwa simu. Kazi zenyewe unaziingiza humo humo kwenye siku: unapomvalisha suruali unaanza kwa kumkunja goti na nyonga ndo unatanua, hautanui miguu iliyonyooka kwa nguvu. Ukimbeba, mbebe miguu imetanuka kiunoni kwako, sio imebanana mbele. Mchana alale kifudifudi na khanga iliyokunjwa chini ya kifua akiangalia wadogo zake wanacheza. Kulisha ni akiwa amekaa wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kinatoka mbele usawa wa mdomo, sio juu. Mtoto anayelishwa amelala chakula kinapita njia ya hewa, hizo nimonia za kila mara mnazolazwa nazo wengi zinaanzia hapo.

Na jambo la mwisho, kuna watu wanauza mafuta na dawa za "kurudisha neva" na wengine wanakanda watoto kwa nguvu mpaka wanawavunja mifupa. Hakuna dawa inayofuta mtindio wa ubongo. Kama ana degedege au kifafa hizo dawa za hospitali asiache hata siku moja bila daktari kusema.

Mwl_Elimu_Maalum:

Mama pole kwa maneno uliyoambiwa pale shuleni. Mimi ni mwalimu wa elimu maalum, nilisomea Patandi Arusha, nipo kitengoni mwaka wa kumi na kitu.

Kukataa kumsajili mtoto kwa sababu ya ulemavu hawaruhusiwi. Kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010, kuna Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009, zote zinakataza ubaguzi. Hiyo ya 2010 inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, shule maalum inakuja pale tu mahitaji yake yanapodai. Na elimu bila ada ipo tangu Januari 2016, inamhusu na yeye.

Ila sikushauri urudi pale na vifungu vya sheria ugombane na mwalimu mkuu mlangoni, ukitoka mtoto ndo atabaki pale. Anzia juu. Mabatini ipo Nyamagana kwa hiyo nenda ofisi ya elimu ya Jiji umwone Afisa Elimu Maalum, sio Ilemela wale wana manispaa yao. Beba cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na ripoti ya hospitali inayoeleza hali yake. Omba mtoto afanyiwe upimaji, wamwangalie macho na masikio pia sio miguu tu, maana watoto wengi wenye mtindio wa ubongo wana shida ya kuona ambayo hakuna aliyewahi kuiangalia. Upimaji ndo utasema aende kitengo kipi. Pitia na kwa Afisa Ustawi wa Jamii, pale hospitali kubwa nako wapo, kama gharama za matibabu zinakushinda wao ndo wanaandika msamaha.

Usajili wa awali na la kwanza unafanyika kuanzia Oktoba, wewe usisubiri Desemba, mtoto wako anahitaji maandalizi.

Na watu wakikutajia shule, uliza imejengwa kwa ajili ya nani. Mitindo kule Misungwi inajulikana kwa watoto wasioona na wenye ualbino. Buhangija Shinyanga nayo ina historia ya wasioona, viziwi na wenye ualbino. Mtoto wa mtindio wa ubongo anahitaji mtu wa kumgeuza, kumlisha, kumpeleka chooni, jina la "mahitaji maalum" kwenye kibao peke yake halikuhakikishii hivyo vitu. Nenda ukaone choo, uliza nani anawalisha.

Kuhusu kuongea, anza leo bila mwalimu. Chora au kata picha: maji, uji, choo, naumwa, hapana, bado nataka. Bandika kwenye boksi, mwonyeshe mbili mbili achague kwa jicho au kidole. Siku akija darasani na hizo picha mwalimu ana pa kuanzia.

MzeeWaIgoma:

Mwalimu unaongea vizuri ila tusimdanganye huyu mama. Nina mtoto wa dada yangu alichukuliwa kwenye hiyo elimu jumuishi, ya kuwasomesha wenye ulemavu shule moja na wengine. Darasa lina watoto zaidi ya mia, mwalimu mmoja, kitengo ni chumba kimoja wamechanganywa kiziwi, mwenye usonji, mwenye ulemavu wa akili, wote wanafundishwa kitu kimoja. Huyo mtoto alikuwa anakaa na mkojo mpaka saa nane. Sheria zipo kwenye makabati, shule za mawe mawe hizi zina ngazi kila kona, choo cha kuchuchumaa. Mimi dada yangu nilimwambia amrudishe nyumbani, bora akae kwa bibi yake awe msafi.

Mwl_Elimu_Maalum:

Mzee wangu shikamoo. Hilo la mkojo ni kweli linatokea na linaniuma, sitalitetea. Walimu hatutoshi na mhudumu wa kuwasaidia watoto chooni shule nyingi hana. Ndio maana namwambia mama aulize hivyo vitu kabla. Lakini mtoto akirudishwa nyumbani hakuna anayeandika popote kwamba shule ile inahitaji mhudumu. Jina likiwa kwenye daftari la mahudhurio mimi nina cha kumwonyesha afisa elimu, nasema nina watoto kadhaa wasiojihudumia, naomba mhudumu na choo cha kukaa. Kwetu choo kilijengwa kwa njia hiyo, wazazi walikuja kwenye kikao cha shule wakakaa mpaka kikaingia kwenye mpango. Asipokuwepo mtoto hata mmoja hoja yangu naisimamishaje?

Na sio lazima siku nzima. Mama anaweza kukubaliana na shule aanze kwa kuja mpaka saa nne, baada ya uji anaondoka, akizoea muda unaongezwa.

KitiMwendo_Sengerema:

Nimesoma mpaka mwisho nikaona niandike. Mimi nilipata polio utotoni, nimekulia kijijini Sengerema nikitambaa. Kaka yangu ndiye alikuwa ananibeba shuleni, akimaliza darasa la saba ikabidi na mimi nikae nyumbani mwaka mzima mpaka mjomba aliponichukua. Huo mwaka naukumbuka kuliko yote, nilikuwa nasikia kengele ya shule kutoka uani.

Mzee wa Igoma nakuheshimu, lakini mtoto msafi anayekaa kwa bibi akiwa na miaka 25 atakuwa nani? Mimi leo natunza hesabu za watu watatu wenye maduka kwa sababu nilijua kuandika na kujumlisha. Miguu yangu haijabadilika.

Mama, viti mwendo vya msaada vikija usichukue chochote kilichopo. Wanapenda kugawa viti vya watu wazima, mtoto anazama ndani, mgongo unapinda, kichwa kinaangukia pembeni. Kiti kinapimwa na mtu. Kwa mtoto asiyejishikilia lazima kiwe na mikanda, cha kushika kichwa na pa kuweka miguu. Na kwa kuwa upo juu ya mawe kiti kibaki chini, tafuta nyumba ya jirani karibu na barabara au dukani ukiombe nafasi, mtoto unamshusha mgongoni unamkalisha pale. Wenzetu wa Bugarika na Igogo wanafanya hivyo.

Usafiri nao, daladala za asubuhi makonda hawataki kiti, wanasema kinakula siti. Kama kuna bajaji ya mtaani kubaliana nae wa kila siku mzazi na mzazi mwenzio mchangie. Sisi wa ng'ambo angalau tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 hatubebwi tena kushushwa na kupandishwa kwenye kivuko, safari ya hospitali Mwanza imekuwa ya mtu mzima na akili zake.

Na ingia kwenye vyama. SHIVYAWATA ndo shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, chini yake kuna vyama vya kila ulemavu. Sauti ya mzazi mmoja ofisini inapita dirishani.

mama_mabatini:

Wabeja sana wote, nimesoma nikamsomea na mume wangu jana aliporudi kutoka ziwani, alikuwa kimya halafu akauliza kile kiti cha mbao fundi anataka mbao za aina gani. Mama mkwe nilimsomea ile ya mtaalam, hajasema kitu ila asubuhi nimemkuta anamlisha amemkalisha wima amemwegemeza kwenye gunia la mchele.

Jumatatu nakwenda Jiji kumwona huyo Afisa Elimu Maalum. Ripoti ya hospitali niliyonayo ni ya akiwa na mwaka mmoja, inafaa au lazima mpya? Na TibaViungo nikienda kwa fundi nimpe vipimo gani, mtoto akikua si kitakuwa kidogo?

TibaViungo_Mza:

Ripoti chukua mpya, kliniki ijayo mwambie daktari aandike na uwezo wake, anaelewa, anachagua, anahesabu, isiwe orodha ya asivyoweza tu.

Vipimo: mkalishe kwenye benchi gumu mtu mwingine akimshikilia, magoti yamekunjwa pembe mraba. Pima kutoka nyuma ya makalio mpaka nyuma ya goti kisha toa upana wa vidole viwili, hicho ndo kina cha kiti. Kutoka nyuma ya goti mpaka kisigino ndo urefu wa pa kukanyagia. Upana wa nyonga ongeza kidole kimoja kila upande. Kutoka kalio mpaka kwapa ndo urefu wa mbao za pembeni. Meza iwe usawa wa viwiko. Kuhusu kukua, mwambie fundi ubao wa kukanyagia na wa mgongoni aufunge kwa bolti sio misumari, atoboe matundu kadhaa, mtoto akirefuka unasogeza.

Kabla fundi hajapiga msasa nitumie picha mtoto akiwa amekalia, nitakuonyesha pa kuongeza godoro.